Corolla KE70 yenye moto isiyomaliza mshahara sheli: anza na mizunguko

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla KE70, injini ya 4K yenyewe ya kiwandani, gia nne. Nakaa Chumbageni, siku za kazi nazunguka nayo hapahapa mjini Tanga, na kila mwisho wa mwezi napanda Lushoto kwa wazee. Nimezipenda zile hotirodi za Wamarekani, magari ya zamani yaliyoongezewa nguvu, na nataka injini yangu nayo iwe na moto. Fundi mmoja kanishauri nichonge silinda, hedi ipigwe fesi (uso wake ukatwe) mpaka mwisho, niweke kamshafti (shafti inayofungua vali) ya resi, kabureta mbili za Weber zile za kulala, na difu fupi (inayoizungusha injini zaidi kwa mwendo uleule). Sasa hivi inakwenda kama kilomita 11 kwa lita na sitaki ishuke chini ya hapo. Je, vyote viwili vinawezekana au lazima nichague kimoja?

Jibu: Marahaba mwanangu. Vinawezekana, ila si kwa orodha hiyo uliyopewa. Kila kitu alichokutajia fundi wako kinafanya kazi, na kuna watu wanavitumia wakafurahi, lakini vyote vinaisukuma nguvu ya injini iende juu, huko kwenye mizunguko 5,500 mpaka 7,000 kwa dakika. Sasa jiulize ni lini wewe unafika huko. Kutoka Chumbageni kwenda Ngamiani hufiki. Segera mpaka Korogwe hufiki, labda uwe unatafuta kesi na wale wa tochi. Kwenye zile kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto, kilomita 33, uko gia ya pili au ya tatu, mizunguko 2,500 hadi 4,000. Hapo ndipo injini yako inapoishi, na hapo ndipo pa kuijengea. Kwa hiyo kabla hujanunua hata gasketi, andika kwenye karatasi: 2,000 mpaka 4,500. Kitu chochote utakachouziwa ukipime kwa karatasi hiyo.

Twende kwenye hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Gari kama lako, kilo 900 hivi, likitembea 90 kwa saa barabara ya tambarare, linahitaji kama farasi 14 tu kushinda upepo na msuguano wa tairi. Ukifika 120 unahitaji kama 30. Yaani umeongeza mwendo kwa theluthi moja, nguvu inayotakiwa imezidi maradufu. Hiyo 4K, mpya kabisa, ilitoka na farasi kati ya 60 na 75 kutegemea soko ilikopelekwa. Maana yake muda mwingi wa safari mlango wa kabureta, ule unaofunguka ukikanyaga mafuta, umefunguka kidogo tu, na hapo ndipo lita zinapoishia. Moto unaoutaka wewe unatokea mlango ukiwa wazi wote, kwa sekunde chache, unapopita lori la machungwa la Muheza. Hizi ni hali mbili tofauti za injini moja. Haziligombanii gari kila wakati kama watu wanavyodhani. Zinagombana pale tu unapofunga kifaa kinachoisaidia hali ya pili huku kinaiharibu ya kwanza.

Na kuhusu hao Wamarekani uliowapenda. Vijana wa California wa miaka ya 1930 walianza na Ford za zamani, kisha na ile V8 ya mwaka 1932, lita 3.6, farasi 65 tu, karibu sawa na Corolla yako. Walikwenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, mlango wa kabureta wazi mwanzo hadi mwisho, bila kona, bila mlima, bila foleni. Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kung'oa madigadi, boneti na kila chuma kisicho na kazi. Hilo liige, maana uzito ukipungua unapata vyote viwili bure. Jambo la pili walibadilisha hedi wapate mgandamizo mkubwa. Hilo ndilo linalowadanganya watu wa leo. Ford ile ilitoka kiwandani na uwiano wa mgandamizo wa 5.5 kwa 1, yaani nafasi yote ya silinda pistoni ikiwa chini ni mara 5.5 ya ile inayobaki ikiwa juu. Kuupandisha hadi 7.5, kwa hesabu ya nadharia, ni faida ya kama asilimia 12 kutoka kwenye petroli ileile. Wewe 4K yako tayari iko kwenye 9. Kuitoa 9 kuipeleka 10 ni asilimia 3 hivi. Minofu ilishaliwa, umebakiwa na mfupa. Utafune kwa adabu.

Lakini bado ningeupandisha kidogo, kwa sababu mgandamizo ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoongeza nguvu na kupunguza ulaji kwa wakati mmoja, mlango ukiwa umefungwa au umefunguliwa. Lengo langu kwako ni 9.5, si zaidi. Tanga kuna joto na mvuke wa bahari, rejeta yako ina umri wake, na petroli yetu ina historia. Unakumbuka enzi za kuchakachua, petroli ikichanganywa na mafuta ya taa, mpaka mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba ili kuwanasa wahusika? Hali si ile tena, lakini injini iliyojengwa kwenye ukingo kabisa itagonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda) siku utakayojazia mafuta mabaya porini, na unayo milima ya kupanda. Injini ikigonga unaichelewesha cheche, ukichelewesha cheche unapoteza nguvu na mafuta zaidi ya kile ulichokipata kwa kuchonga hedi.

Hapa sasa ndipo fundi wako anaponitia wasiwasi. "Mpaka mwisho" si kipimo. Silinda moja ya 4K ina kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa pistoni milimita 73, sawa na sentimita za ujazo 322.5. Kwa uwiano wa 9, nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni 40.3. Kwa 9.5 inatakiwa 37.9. Tofauti ni 2.4, nusu ya kijiko cha chai! Huwezi kuikisia kwa jicho. Lazima uipime, na kuipima si kazi ya maabara. Lala hedi chali mezani, vali na plagi zikiwa zimefungwa. Paka grisi nyembamba kuzunguka chumba cha moto, bandika kipande cha plastiki ngumu kinachoona chenye tundu dogo, kiinamishe kidogo ili tundu liwe upande wa juu. Chukua bomba la sindano la duka la dawa, jaza mafuta ya taa yaliyotiwa rangi, sukuma polepole mpaka kipovu cha mwisho kitoke tunduni. Soma umetumia kiasi gani. Fanya vyumba vyote vinne. Ukikuta kimoja kinazidi kingine kwa zaidi ya nusu sentimita ya ujazo, visawazishe kwanza. Halafu ongeza ujazo wa gasketi ikiwa imekandamizwa, na shimo la juu ya pistoni kama lipo, pamoja na umbali wa pistoni chini ya uso wa bloku. Jumla hiyo ndiyo unayoishusha mpaka 37.9. Fundi mchongaji ukimpelekea namba, atakata kwa namba. Ukimpelekea neno "mpaka mwisho", shauri yako.

Kuchonga silinda ni matengenezo, wala si nguvu. Ukitoka 75 ukaenda 76, injini nzima inaongezeka kutoka 1,290 hadi 1,325 hivi, chini ya asilimia 3. Chonga kama silinda zimeliwa, na uchonge kidogo iwezekanavyo ili bloku ibaki na maisha mengine mbele. Kwanza pima kompresheni ya silinda zote injini ikiwa ya moto. Zikilingana, zisipishane zaidi ya asilimia 10, achana na bloku kabisa.

Kamshafti ndiyo moyo wa swali lako, kwa hiyo nitakaa hapo. Kamshafti ya resi huacha vali wazi kwa muda mrefu, na kwa muda fulani vali ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi pamoja. Kwenye mizunguko 6,000 hilo linasaidia silinda kujaa. Kwenye mizunguko 2,000 sehemu ya mchanganyiko inarudishwa ilikotoka, mgandamizo halisi unashuka, na ile faida ya kuchonga hedi unaipoteza mlango wa nyuma. Kuna na jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kabureta ya Aisin iliyokuja na 4K ina kipistoni kidogo cha nguvu kinachoshikiliwa juu na mvuto wa hewa wa manifoldi. Ukikanyaga sana, mvuto unashuka, kipistoni kinaanguka, petroli ya ziada inaingia. Ni mpango mzuri sana: mchanganyiko wa nguvu, sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa moja ya petroli, unakuja pale unapouhitaji tu, na mwendo wa kutulia, ule wa safari ya kasi moja, unabaki kwenye 14.7 au hata 15.5. Sasa ukifunga kamshafti ya resi, mvuto wa hewa kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga) na kwenye mwendo mdogo unakuwa hafifu muda wote. Kipistoni hakijui kwamba umebadilisha kamshafti; kinadhani umekanyaga. Kinaanguka na kubaki chini, na gari linakunywa mafuta ya mlima likiwa kwenye foleni ya sokoni. Watu wanalaumu kabureta, wanabadilisha jeti (vitundu vya kupimia petroli), wanahangaika wiki nzima.

Kwa hiyo chukua kamshafti ya barabarani, ile yenye muda wa kama digrii 256 hadi 264 kwa kipimo cha muuzaji, yenye kunyanyua vali kidogo zaidi ya ile ya kiwandani lakini bila kuiacha wazi muda mrefu. Ukikosa, ya kiwandani ambayo haijalika ni bora kuliko ya resi. Unajua imefaa vipi? Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Ni kifaa cha bei ndogo na sielewi kwa nini kila gari la kabureta halina. Silensa ikisimama kwenye inchi 16 hadi 18 za zebaki na sindano haitetemeki, uko salama. Na barabarani geji hiyo inakufundisha mguu: ukitoka Muheza jaribu kubaki juu ya 10 kadiri barabara inavyoruhusu, uone ulaji unavyobadilika bila kugusa spana.

Kabureta mbili za kulala ni nzuri kuangalia, sauti yake sina la kusema, tamu. Kila silinda inapata koo lake kubwa, na kwenye mwendo mdogo hewa inapita taratibu mno kwenye makoo yale, petroli haipasuki vizuri, inalowesha kuta za manifoldi. Unachotaka ni kabureta ya makoo mawili yanayofunguka kwa zamu: dogo kwa safari, la pili linaamka ukikanyaga. Aisin yako ya asili iko hivyo tayari, na kama shafti yake haijalegea ioshe, weka kiti kipya cha sindano, sawazisha kimo cha boya, basi. Kama imechoka, Weber 32/36 DGV inafuata mpango huohuo na watu wengi duniani wameifunga kwenye injini za ukubwa huu. Panga jeti zake ukiwa Tanga, si Lushoto. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo kabureta yoyote ikifika kule inazidisha petroli kidogo. Ukipanga ukiwa kule juu, ukishuka pwani mchanganyiko utakuwa mkavu na joto litakutafuta. Na tafadhali, chujio la hewa libaki. Vumbi la chokaa la Pongwe likiingia kwenye makoo yaliyo wazi, ringi zako hazitaona mwaka wa pili.

Jambo moja fundi wako hakulitaja kabisa, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote kwa pesa ndogo: distribyuta, kile kinachogawa cheche kwa plagi. Pembeni yake kuna kisahani chenye kibomba cha mpira kinachokwenda kwenye kabureta. Mara nyingi nakuta kimechomolewa na kuzibwa skrubu, kwa imani kwamba magari ya resi hayana. Ni kweli hayana, kwa sababu magari ya resi hayatembei na mlango uliofunguka robo. Mchanganyiko mkavu wa mwendo wa kutulia unaungua polepole, kwa hiyo cheche lazima iwahi zaidi. Uzito wa ndani ya distribyuta unakupa jumla ya digrii 30 na kitu kwa mizunguko. Kisahani kinaongeza nyingine kama 10 hadi 15 pale tu unapotembea bila kukanyaga, na ukikanyaga kinazirudisha. Kinyonye kile kibomba kwa mdomo, kifuniko cha distribyuta kikiwa wazi. Sahani ya pointi ikisogea na kubaki hapo ukiziba kwa ulimi, kizima. Isiposogea, ngozi ya ndani imepasuka. Hakuna kamshafti itakayokurudishia mafuta yanayopotea hapo.

Difu fupi usiguse. Tuseme difu yako ni 3.9 na tairi ni 155 za ringi 13: ukiwa gia ya nne kwenye 100 kwa saa, injini inazunguka kama 3,600. Tayari ni nyingi. Tafuta gia boksi ya K50, ya gia tano, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini hizihizi za K. Kwa gia ya tano yenye uwiano wa 0.86 hivi unashuka hadi kama 3,100 kwa mwendo uleule, na gia ya kwanza, ya pili na ya tatu za kupandia mlima unabaki nazo. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja kikubwa tu mwaka huu, kiwe hicho.

Eksozi: hedaa ya nne-mbili-moja (bomba nne zinaungana kuwa mbili, kisha moja), bomba la milimita 45 linatosha, likizidi hapo unanunua kelele. Themostati irudishwe ikiwa ilishatolewa, na najua uwezekano ni mkubwa kwamba ilitolewa. Mafundi wetu wanaitoa wakidhani wanatibu joto, kumbe injini inatembea baridi barabara kuu, mafuta mazito, petroli haikauki vizuri. Ya digrii 82 inatosha. Kama gari linachemsha nayo, ugonjwa uko kwenye rejeta. Kwenye injini za K eksozi na manifoldi ya kabureta ziko upande mmoja, na kwa joto la Tanga petroli huchemka kwenye kabureta ukizima gari dakika chache. Bati jembamba la kuzuia joto kati ya hedaa na kabureta linamaliza kero hiyo.

Sasa, ukiniuliza ningefanya nini kama gari lingekuwa langu, nisingeihangaikia 4K sana. Ningetafuta 5K, ile ya van ya LiteAce. Ni ukoo uleule, kipenyo 80.5, mwendo wa pistoni uleule wa 73, jumla 1,486. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 15 ya ujazo, na inakuja chini, hukohuko kwenye 2,000 hadi 4,500 tulikoandika kwenye karatasi. Injini kubwa kidogo, iliyotulia, yenye gia ndefu, itakunywa kidogo kuliko injini ndogo iliyochochewa mpaka inalia. Angalizo ni mawili. Injini ya van hulala upande chini ya viti, kwa hiyo utahamishia sampu (bakuli la oili), kinyonya oili na manifoldi za 4K yako. Na usibandike hedi ya 4K juu ya bloku ya 5K bila kupima: ukichukulia nafasi ileile ya 40.3 juu ya silinda ya 371.5, uwiano unaruka hadi 10.2, na huko tulishakubaliana hatuendi.

Ukijenga yoyote kati ya hizo mbili na kamshafti mpya, kumbuka kwamba tapeti zake ni bapa, zinasugua. Paka dawa ya kusanikisha kwenye kila nundu, weka tapeti mpya, jaza oili yenye zinki ya kutosha, na hakikisha taimingi na kabureta viko tayari kabla ya kugusa swichi, ili iwake mara moja. Ikiwaka usiiache silensa. Ishikilie kwenye 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, maji na oili ukiviangalia, kisha zima, mwaga oili, badilisha chujio. Fundi akikuambia "iache ipumue kwanza silensa", mwondoe mkono kwenye kabureta.

Kwa kipimo cha ulaji, jaza tangi mpaka shingoni kwenye pampu ileile ya sheli ileile, nenda Lushoto urudi, jaza tena. Mimi ningeridhika ukipata 12 au 13 kwa safari hiyo huku gari likipanda gia ya tatu pale ambapo sasa unashuka ya pili. Ukirudi, zima injini ukiwa mwendo wa kutulia, usiiache kwenye silensa, chomoa plagi nne na unitumie picha zikiwa zimepangwa kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Rangi zake zitatuonyesha jeti ipi ya kubadilisha.